Masafa

Saa mbili kasoro robo, ukungu bado umelalia mifereji,
nimeshafika na baiskeli kwenye uzio wa magharibi
na chupa ya chai, na mkate wa jibini,
na redio ya mkononi niliyoifunga kwa mpira
maana kifuniko cha betri kilipotea kwenye theluji ya mwaka juzi.
Oebele yuko juu ya ngazi yake,
kamera kifuani kama kichanga.
Hatuna salamu nyingi. Anainua vidole: mbili.
Naandika: mbili.

Nilipeleka barua miaka thelathini na mmoja
katika vijiji hivi vya Friesland, mlango kwa mlango.
Nimezoea kubeba maneno yasiyo yangu
bila kuyafungua.

Hiske, binti yangu, huniuliza napata nini.
Nambari za mkia. Saa. Upepo ulikotoka.
Daftari la hamsini na nne liko mezani.
Jirani, namwambia, kila machipuko
huinama nyasini kuhesabu mayai ya kitwitwi,
na hakuna anayemuuliza.
Mimi nami nahesabu ndege.
Wale wake hutaga, Mama, anasema.
Na hizi zako hutaga pia, ila si mayai.
Sikumjibu.
Niliitazama saa, nikaiandika.

Siku hizi mengi yamefungwa kwa ufunguo:
nasikia mchirizo tu, vitunguu vikiingia kwenye mafuta.
Lakini wakirudi, wakiuona mnara,
lugha huwafunguka,
wanataka kujua upepo, wanataka ardhi,
kama mtu yeyote anayerudi nyumbani.

Mmoja nilimwita Kikohozi.
Miaka kumi na mmoja, kabla ya kutaja jina la msafara wake,
alikohoa kidogo, kikavu, mara mbili,
kama anayebisha hodi kwenye mlango ulio wazi.
Sura yake sikuijua.
Nilijua mafua yake ya Februari.
Nilijua juma moja la vuli
alipomjibu mnara neno mojamoja, basi,
na nikiwa jikoni kwangu nilijiuliza amezika nani.

Na Desemba ile, jioni, gurudumu moja lilikataa kushuka.
Alituzunguka mara nne akichoma mafuta,
taa yake ikipita juu ya ng'ombe, juu ya kanisa, juu yetu.
Sauti haikupanda hata kidogo.
Ila alikohoa mara tatu.
Oebele akashuka kwenye ngazi,
Oebele ambaye hashuki hata kwa mvua ya mawe,
akasimama kando yangu mikono mitupu.
Saa kumi na dakika ishirini. Ametua.
Kalamu ilitoboa karatasi;
tundu lile lipo, ukurasa baada ya ukurasa.

Tangu Mei, hayupo.
Wamekuja vijana wenye sauti safi
kama sahani zilizotoka kuoshwa.

Ijumaa, soko la Leeuwarden, foleni ya samaki.
Nyuma yangu: kikohozi. Kikavu. Mara mbili.
Sikugeuka upesi.
Nilihesabu sarafu zangu, nikazihesabu tena.
Kisha nikamwona: mfupi kuliko sauti yake,
miwani imefungwa uzi, kikapu kina vitunguu maji
na gazeti lililolowa.

Ningemwambia nini?
Kwamba nilikuwa chini yake usiku ukiingia?
Kwamba najua alivyokohoa ya tatu?
Nimemjua kwa masafa,
na masafa hayohayo
yamesimama kati yetu, hatua moja na nusu,
yananuka siki na samaki.

Tangulia, nikasema. Mimi sina haraka.
Ahsante, akajibu,
fupi, bapa, kama anayeupokea upepo kutoka mnarani.

Nyumbani nililifungua daftari.
Upepo: kusini-magharibi, hafifu.
Saa: tano na robo.
Nambari ya mkia niliiacha wazi.
Nikaandika: mmoja.